Kadi za mkono za maua na rangi za asili: choya inageuka rangi, maua yanaota ukungu, shairi haliingii. Naombeni msaada (Kigoma)

binti_mwandiga aliandika:

Habari zenu wapendwa, shikamooni wakubwa. Niko Kigoma huku Mwandiga, natengeneza kadi za mkono. Nachukua manila nakata nakunja katikati, mbele nabandika maua na majani niliyokausha mwenyewe, chini yake napaka rangi ninazotoa jikoni na shambani, ndani naandika shairi. Kadi za dukani zipo nyingi na bei rahisi najua, ila zina maua ambayo huku hatuna na maneno ambayo mtu hayasomi, anaangalia jina la aliyetuma basi. Mimi nataka mtu wa Kigoma akifungua kadi aone choya, ile rozela ya juisi nyekundu, aone jani la mchikichi, aone udongo wetu mwekundu, halafu akute maneno yaliyotungwa kwa ajili yake yeye.

Sasa binamu yangu anaoa na kamati imekubali kadi za shukrani za wachangiaji nizitengeneze mimi, kwa hiyo nataka zitoke vizuri kwelikweli, zikae miaka kwenye kabati la mtu na bado zitazamike. Hapo ndo nimekwama. Choya nikiichemsha kwenye sufuria ni nyekundu ya kupendeza mno, nikiipaka kwenye karatasi inaanza nyekundu halafu kadiri inavyokauka inageuka zambarau iliyopauka, nyingine inaenda kabisa kwenye kijivu chenye bluu, na ile niliyoiegesha dirishani imefifia limebaki doa tu. Manjano ya jikoni nayo inawaka siku za mwanzo halafu inakwisha. Maua ndo usiseme, huku mvua bado zinanyesha, nayabana kwenye daftari nikija kufungua yamekuwa kahawia na mengine yana ukungu. Kuna jirani kaniambia nitumie mawese nipate rangi ya chungwa, sijui mnaonaje.

La mwisho ni shairi lenyewe. Nikianza kutunga najikuta nina beti nne tano na kadi ni ndogo, maandishi yanabanana mpaka hayasomeki, na wino wa kalamu juu ya sehemu yenye rangi unatawanyika. Mwenye ujuzi wa rangi, wa kukausha majani, wa kutunga, yeyote yule, naomba anisaidie. Picha simu inagoma kupandisha nitajaribu tena kesho.

TicharIpuli aliandika:

Mwangaluka dada. Mimi niko Tabora, nafundisha kemia sekondari na hiyo choya naitumia darasani kila mwaka, kwa hiyo ngoja nikueleze taratibu maana ukishalielewa hili hutahangaika tena.

Wekundu wa choya unatokana na kitu kinaitwa anthosayanini, na ndicho hichohicho kilichomo kwenye tunda la zambarau na kwenye kabichi ya zambarau. Tabia yake ni kubadilika kufuatana na asidi. Penye uchachu inakuwa nyekundu, uchachu ukipungua inaenda zambarau, ukitia magadi inakuwa bluu mpaka kijani. Choya yenyewe ni chachu, ndo maana kwenye sufuria unaiona nyekundu. Kinachokusumbua ni karatasi. Karatasi nyingi za siku hizi, za fotokopi na hata manila, kiwandani zinatiwa unga wa kabonati ya kalsiamu, yaani jamaa wa chokaa, ili ziwe nyeupe na zisichakae haraka, na huo unga unaua uchachu wa choya. Rangi yako ni nzima kabisa. Ukitaka kuhakikisha chukua kipande cha kadi iliyogeuka, dondoshea tone la limau, wekundu unarudi hapohapo unaangalia. Pembeni dondoshea maji ya magadi uone kijani. Kwa kweli ukiwa na brashi mbili, moja ya limau na moja ya magadi, unaweza kuchora ua zima juu ya karatasi ya choya bila kutumia rangi nyingine, jaribu hiyo nakuomba.

Ukitaka itulie tafuta shabu, yale mawe meupe yanayopenyeza mwanga ambayo vinyozi wanapitisha usoni baada ya kunyoa, maduka ya dawa za asili yanauza. Saga, chukua kijiko cha chai koroga kwenye glasi ya maji ya moto, paka karatasi nzima, acha ikauke kabisa, ndo upake choya. Shabu ina uchachu wake na pia inaisaidia rangi ishikane na nyuzi za karatasi. Haitatoka nyekundu ile ya kwenye sufuria, itatoka waridi lenye uzambarau uliotulia, mimi naipenda zaidi. Limau usilifanye ndo dawa ya kadi nzima, likizidi karatasi inakuja kukakamaa na kukatika penye mkunjo.

Sasa kufifia ni habari nyingine, hiyo ni kazi ya mwanga. Choya, manjano, bitiruti, maji ya mchicha, zote hizo mwanga unazila na hakuna shabu wala chumvi itakayozuia. Usizitupe, ila zipangie mahali pake, ziweke NDANI ya kadi ambako ikishafungwa ni giza. Mbele ya kadi weka rangi zisizojali jua. Ya kwanza ni huo udongo wenu mwekundu, wekundu wake ni madini ya chuma, ni kutu tu, haufifii. Uloweke kwenye ndoo, koroga, acha mchanga uzame, mimina maji yenye rangi kwenye chombo kingine kupitia kitambaa cha kanga kuukuu, acha yatulie usiku mzima, mwaga maji ya juu, kinachobaki chini ni uji laini sana ambao ukiukausha unapata unga wa rangi. Huo unga changanya na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa kwenye maji, bila gundi ukipangusa kidole unatoka wote. Ya pili ni masizi, nayo hayafifii kabisa. Halafu kuna za katikati, maganda ya vitunguu maji yakichemshwa na kupakwa juu ya karatasi yenye shabu yanatoa njano ya dhahabu inayodumu kuliko manjano, na chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa nzito.

Na hii chai ina siri yake. Loweka misumari yenye kutu kwenye siki siku kadhaa upate maji ya kahawia. Paka karatasi chai, ikauke, halafu chovya jani la mpera kwenye yale maji ya kutu, likandamize juu ya karatasi. Panapogusana kutu na tanini, yaani ule ukakasi wa chai na wa jani, panageuka kijivu cheusi, unapata jani zima na mishipa yake, na huo mchoro hauondoki kwa maji. Ukitaka itoke kali zaidi panga karatasi na majani kwa zamu, bana kati ya vigae viwili funga kwa kamba, weka juu ya mvuke wa sufuria kama saa moja. Majani ya mkaratusi nayo yanatoa vizuri. Angalizo ni moja tu, maji ya kutu yawe mepesi, yakiwa mazito yanakula karatasi polepole.

Seremala_Cheyo aliandika:

Tichar kasema yote ya kemia mimi naongeza moja ya karakana. Dada usihangaike na rangi nyekundu wakati mafundi wanatupa magunia ya vumbi la mbao kila wiki. Kama kuna fundi hapo kwenu anapasua mninga au mkurungu mwombe lile vumbi la moyo wa mti, sio la sehemu nyeupe ya nje. Mninga mbichi ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu na ukikauka unakuwa kahawia iliyoiva, vumbi lake ukichemsha unapata kahawia yenye wekundu nzuri ya kupaka kingo za kadi. Mkurungu ndo mwekundu zaidi ila hautaki maji, ukiuloweka kwenye maji utaona hautoi kitu cha maana, loweka kwenye spiriti ya kusafishia vidonda, kwenye chupa yenye mfuniko, acha usiku kucha, unakuta nyekundu nzito. Hiyo spiriti isogee mbali na jiko tafadhali. Na ukishika vumbi vaa barakoa, linabana kifua hasa la mninga.

Kitu kingine, usiende kubandua magome kwenye mti ulio hai. Mti ukizungushiwa kisu unakufa, na miti hii ni ya kibali, ukikutwa nayo msituni bila karatasi ya misitu ni kesi. Vumbi la fundi ni halali na ni bure.

Zai_Gungu aliandika:

Mimi nauza mawese hapa Kigoma na nakwambia mdogo wangu usiweke mawese kwenye kadi 😅 Mafuta yanasambaa karatasi inakuwa inaonyesha upande wa pili, yanachafua bahasha, na baada ya muda yananuka. Ile chungwa yake nayo ukianika juani inapauka, wote tunaijua. Mchikichi utumie kwa jani, chukua lile changa la katikati ambalo halijafunguka, chana vipande vyembamba kausha kivulini, halafu suka mkeka mdogo wa kubandika mbele. Au ganda kavu la mgomba, lina mistari yake na rangi tofauti tofauti za kahawia, huhitaji hata kupaka. Migomba mbona imejaa.

Kuhusu maua si upeleke tu kwenye duka la steshenari wakulaminishie, yaani wakuvishie plastiki? Mia kadhaa tu kwa kadi na haliingii maji tena.

nta_ya_sikonge aliandika:

Dada Zai hapo kwenye kulamini naomba nipingane na wewe kwa heshima. Kadi ikishavishwa plastiki ile raha yote ya kugusa jani inakwisha, na kama ua halijakauka mpaka ndani unyevunyevu unafungiwa humo, linaoza huku unalitazama. Sisi huku Sikonge ni watu wa nyuki, na kwenye nyuki kuna nta, nta ndo plastiki yetu. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo usiiweke kwenye moto moja kwa moja, weka kikopo chenye nta ndani ya sufuria ya maji ya moto. Paka nyembamba sana kwa brashi juu ya ua lililobandikwa, weka karatasi juu, pitisha pasi ya uvuguvugu, nta inaingia kwenye karatasi na ua pamoja. Inakuwa na mng'ao hafifu na ukiinusa kwa karibu unapata harufu ya mzinga. Ila jua mambo mawili, karatasi yenye nta inapenyeza mwanga kidogo, na baada ya nta hakuna wino wala gundi itakayoshika tena, kwa hiyo kila kitu kiandikwe na kibandikwe KABLA.

Sasa kukausha. Daftari halitoshi mdogo wangu, karatasi yake haifyonzi na wewe unafunga halafu unasahau. Tumia magazeti, kurasa kadhaa chini na kadhaa juu, panga maua yasigusane, juu weka ubao na tofali. Kitu kikubwa ni kubadilisha yale magazeti kila siku kwa wiki ya kwanza, maana maji yanatoka kwenye ua yanaingia kwenye gazeti, usipolitoa hilo gazeti lenye maji ukungu unaanzia hapo. Msimu huu wa mvua anika yale magazeti ya akiba juu ya jiko la mkaa linalozima yawe makavu kabisa kabla hujayatumia. Uchume saa nne hivi asubuhi umande ukishakauka, sio jioni baada ya mvua.

Na chagua ua. Waridi na yale manene yote yana maji mengi, yaache. Bogenvilia ndo rafiki yako, zile sehemu zenye rangi ni majani sio ua, ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati, na majani hayo ni makavu tayari hata kwenye mti, yanakauka haraka na rangi haiondoki sana. Kangaga za kwenye vijito zinakauka vizuri mno. Ua la mkrismasi nalo linakubali ukilitenganisha petali mojamoja, ziko tano, nne nyekundu na moja ina madoa meupe na njano, hiyo ya madoa weka katikati zile nyekundu zipange pembeni, mtu hatoamini ni ua la barabarani. Mjakaranda sikushauri, uzambarau wake unapotea.

Gundi ya kubandikia tumia uji wa unga wa muhogo uliopikwa mzito, lakini tia matone ya mafuta ya karafuu, la sivyo mende watakula kadi za watu kabatini na uji wenyewe utachacha kesho yake.

kaka_wa_mwanga aliandika:

Mada nzuri sana hii. Dada umewaza kuwauzia wageni? Wanaopita kwenda Gombe na wale wanaokuja Ujiji kuona pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Weka jani la pale kwenye mwembe wa kumbukumbu, weka maua ya Gombe, watanunua dola kumi kumi.

Seremala_Cheyo aliandika:

Kaka Gombe ni hifadhi ya taifa toka 1968, hapo huchumi hata jani moja, usimponze mwenzio. Na mwembe wa kumbukumbu kila mgeni akichukua jani utabaki na nini? Miembe Ujiji imejaa uani kwa watu, aombe kwa jirani.

binti_mwandiga aliandika:

Jamani asanteni mno, nimesoma yote mara mbili na nyingine nimeandika kwenye daftari. Tichar nimejaribu lile tone la limau, kweli wekundu umerudi palepale, watoto wa dada yangu wamemaliza limau zote za nyumbani wanachora. Shabu nimeipata, fundi naye nimempata njia ya kwenda sokoni, vumbi kanipa mfuko mzima ila hajui kama ni mninga au mkurungu anasema ni mchanganyiko, nitaloweka nusu kwenye maji nusu kwenye spiriti nione.

Kaka wa Mwanga wageni nitawafikiria baadaye, kwa sasa nataka hizi zisomwe na watu wetu, ndo wachangiaji wenyewe. Na Gombe sitachuma kitu, fundi yuko sahihi.

Dada nta, nitafute nta wapi huku? Na bado shairi hamjaligusa. Nimeulizwa na mwenyekiti wa kamati ndani tuandike nini nimekosa jibu.

nta_ya_sikonge aliandika:

Nta waulize wauza asali, wengi wanakamua wanatupa masega. Chemsha masega na maji, chuja kwa kitambaa, ikipoa nta inaganda juu.

MzeeWaBeti aliandika:

Wanangu salaam. Niko Ujiji, nimefundisha madrasa miaka mingi na mashairi ndiyo starehe yangu, kwa hiyo hili la shairi niachieni.

Binti, kwanza wino, maana umelalamika unatawanyika. Andika kwa wino wa masizi, ule ambao sisi tulikuwa tukiandikia mbao za chuoni. Kusanya masizi ya kibatari kwa kukiweka chini ya sahani, yakwangue, yachanganye na gundi ya mgunga na maji kidogo, usage muda mrefu kwenye kibakuli mpaka usione chembe. Kalamu chonga ya tete, ncha uikate mshazari na uipasue kidogo katikati. Wino huu haufifii na hautawanyiki kama karatasi umekwisha kuipaka ile shabu aliyosema mwalimu. Pale utakapoandika usipake choya, acha weupe, maneno yanahitaji mahali pa kupumua.

Sasa shairi. Beti nne ni za kusomwa ukumbini, kadi inataka mishororo miwili tu, tathnia. Kila mshororo mizani, yaani silabi, nane na nane, vina vya kati vifanane na vya mwisho vifanane. Hesabu kwa vidole unapotunga, usione haya, hata mabingwa huhesabu. Na jambo ninalokusihi zaidi ya hayo yote ni kwamba shairi litoke kwenye mmea uliobandika. Nimeona kadi nyingi zina ua zuri mbele, ndani maneno ya jumla ambayo yangekaa kwenye kadi yoyote duniani. Anayepokea aone jani kwa nje, akifungua akute jani lilelile linasema naye. Mathalani umeweka ule mkeka wa mchikichi aliosema Zai, kadi ni ya maharusi:

Mchikichi wa Ujiji, mizizi yashika mbali,
Msihofu wasemaji, shikaneni kwelikweli.

Mti uko Ujiji, upepo wa ziwa unaupiga kila siku na umesimama, na maharusi nao wana wasemaji wao. Sikueleza zaidi ya hapo, anayesoma atajaza mwenyewe. Mabibi zetu wanajua hili kwenye kanga, jina la kanga ni mstari mmoja na mtaa mzima unaelewa nani kaambiwa.

Kadi ya pole ifupishe zaidi, mfiwa hana nguvu ya kusoma. Weka asumini moja iliyokaushwa na mshororo mmoja tu:

Ua limepukutika, harufu ingali ndani.

Basi, na jina lako chini. Usiongeze nasaha, nasaha atazisikia nyingi matangani.

Kwa hizo za wachangiaji ningekushauri mwembe. Njia ile ya misafara kutoka Bagamoyo kupita Tabora kuja huku Ujiji ilipandwa miembe, na waliopita chini yake wengi walikuwa wamebebeshwa mizigo na wengine minyororo, kivuli kile kilikuwa ndio msaada pekee waliopata siku hiyo. Mpaka leo tunakaa chini ya miembe ambayo hatukuipanda sisi. Mtu aliyechangia harusi ya mtoto wa mwenzie ana daraja hiyo ya mwembe. Tunga mwenyewe, ulete hapa tukupimie. Sitakutungia, harusi ni yenu.

Zai_Gungu aliandika:

Mzee shikamoo. Huo wa asumini umenigusa, tumezika juzi tu kwetu. Naomba ruhusa niuandike kwa shangazi yangu.

MzeeWaBeti aliandika:

Marahaba Zai, Mungu awape subira. Ruhusa unayo, mwandikie kwa mkono wako.

TicharIpuli aliandika:

Kwenye mwembe niongeze kidogo. Jani la mwembe lililokomaa ni gumu na likikauka linavunjika penye mshipa wa kati. Chukua yale machanga yanayoning'inia, yenye rangi ya shaba, laini, yanabanika vizuri na yanabaki na kahawia ya kupendeza. Na mwembe una tanini pia, kwa hiyo ile njia ya maji ya kutu itakubali, ukitaka usibandike jani kabisa ugonge chapa yake tu, bahasha haitavimba na wachangiaji wakiwa wengi utamaliza haraka.

binti_mwandiga aliandika:

Shikamoo mzee wangu, asante sana sana. Nimekaa na hii tangu jana usiku.

Tichar nimechukua wazo lako la chapa, majani machanga ya mwembe wa kwa bibi, karatasi ya chai, kutu nyepesi. Ya kwanza kutoka imeonyesha mpaka vile vimishipa vidogo vinavyopinda kabla ya kufika ukingoni na kwenye ncha jani limejikunja kidogo, limetoka na mkunjo wake hivyohivyo, nimeipenda nimekataa kuinyoosha. Kingo nimepaka vumbi la mbao la spiriti, nyekundu imetoka nzito kama alivyosema fundi. Choya nimeiweka ndani kona moja tu chini. Kamati wameona mbili za mfano wamesema niendelee.

Shairi hili hapa mzee, naomba unipimie, nimehesabu kwa vidole ila kuna mahali panagoma:

Mwembe wetu wa zamani, kivuli hakijachoka,
Shukurani zetu moyoni, kwenu zinabubujika.

MzeeWaBeti aliandika:

Marahaba binti. Umetunga. Mshororo wa kwanza usiuguse hata herufi moja, kivuli hakijachoka nimeurudia hapa peke yangu mara kadhaa.

Panapogoma ni mwanzo wa wa pili. Hesabu: shu-ku-ra-ni, nne, ze-tu, sita, mo-yo-ni, tisa. Imezidi moja. Andika Shukrani, utamke shu-kra-ni, zinakuwa nane na kina chako cha ni hakijaguswa. Washairi wanaruhusiana hilo. Upande wa pili kwe-nu, zi-na-bu-bu-ji-ka, nane kamili.

Chini ya shairi acha nafasi uandike jina la kila mchangiaji kwa wino uleule, usiandike "mpendwa mchangiaji". Yule aliyetoa elfu tano na yule aliyetoa laki wote waandikwe kwa ukubwa mmoja. Mstari wa jina uutie wino mwisho kabisa na uuache ukauke usiku kucha kabla ya kupaka nta kwa juu, masizi yakiwa mabichi brashi inayaburuta.

Ukimaliza hizo za kamati nitengenezee za Idi kwa ajili ya wanafunzi wangu wa zamani, mbele weka choya hata kama itafifia, wao watazifunga kabatini. Maneno nitakuletea.